KUMVI ZA MPUNGA NA NYUMBA YA MFANYA KAZI

Maneno yaliyosemwa na mwanachama wa kazi ya njia ya reli katika mkutano wa tawi, Karatina



Katibu aliniambia nieleze kwa utaratibu jambo nililoligusa kwa kifupi katika mkutano uliopita, yaani habari ya kujenga kwa mabaki ya shambani. Siku ile wengine walicheka, nami siwalaumu, kwa maana neno takataka halipatani na neno nyumba. Mimi si mhandisi. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, kisha nikaingia kazi ya njia, na hata leo kazi yangu ni kushindilia kokoto chini ya mataruma kati ya Sagana na Kiganjo. Lakini mtu wa gangi hutembea kwa miguu, naye huona vitu ambavyo mtu wa motokaa hapiti navyo karibu. Tukiwa Sagana tuko jirani na Mwea, na huko Mwea kitu hiki ninachotaka kuwaelezeni kimelala kwa vilima vizima.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili ni la chama, wala si la wakulima peke yao. Tangu Machi 2024, kwa Sheria ya Nyumba Nafuu, kila mmoja wetu hukatwa asilimia moja na nusu ya mshahara wake, na mwajiri naye hutoa kiasi kicho hicho. Mtu wa mshahara wa shilingi 30,000 hutoa 450 kila mwezi. Kama makato haya ni haki au si haki, hilo tumelibishania vya kutosha katika chumba hiki, na sitaki kulifufua. Ninalosema ni kwamba pesa ni zetu. Mwenye pesa anaweza kuuliza nyumba inajengwa kwa kitu gani, kitu hicho chatoka wapi, na nani analipwa kukitengeneza. Simiti yatoka Athi River. Chuma chatoka mbali zaidi. Nyumba ikisimama Nyeri, sehemu kubwa ya bei yake imekwisha kuteremka kwenda mbali nasi.

Tena kuna nyumba ambazo serikali haizijui. Wengi wenu mnaokaa vyumba vya kupanga hapa Karatina, au Nyeri, au Nanyuki, mna robo eka nyumbani, na juu ya robo eka hiyo mna msingi uliomea majani. Mtu alinunua mifuko kumi, akaweka msingi, pesa ikaisha, karo ya shule ikaja. Mwaka wa pili akaongeza kozi tatu. Namjua mtu wa kazi yetu ambaye ukuta wake una umri wa miaka kumi na moja na bado haujafika dirishani. Basi lolote linalopunguza haja ya simiti, hata kwa sehemu ndogo, ni jambo la mshahara sawasawa na nyongeza.

Sasa nije kwenye kumvi zenyewe. Kumvi ni lile ganda la nje la mpunga, si pumba. Pumba ni unga laini unaotoka baadaye wakati mchele unaposuguliwa uwe mweupe, na pumba haipotei, kwa sababu kuku na ng'ombe huila. Kumvi ni kavu, ngumu, inakwaruza ulimi wa mnyama, haimlishi, wala haiozi upesi. Mashamba ya Mwea yalianza kuchimbwa na kupimwa wakati wa Hali ya Hatari, katika miaka ya 1950, na mifereji yake mingi ilichimbwa kwa mikono ya watu waliofungwa vizuizini. Wamo wazee wa ukoo wetu waliochimba. Maji ni ya mito Thiba na Nyamindi, na tangu bwawa la Thiba lifunguliwe mwaka 2022 maji yameongezeka. Mpunga ukizidi, kumvi huzidi pamoja nao. Katika kila tani moja ya mpunga, kilo 200 hivi ni kumvi. Nyingine hutandikwa katika vibanda vya kuku, nyingine hufunika udongo wa mboga, nyingine huchoma matofali. Zinazobaki huchomwa moto zilipo, na moshi wake watu wa Wang'uru wanaujua kuliko mimi.

Kwa nini ng'ombe haitaki? Kwa sababu mmea wa mpunga hunywa kutoka udongoni kitu kiitwacho silika, ambacho ndicho kilichomo katika mchanga mweupe na katika kioo, na hukihifadhi katika ganda lake. Ukichoma kumvi kilo 100 hubaki jivu la kilo 20 hivi, ambalo ni jingi mno likilinganishwa na jivu la kuni. Na jivu hilo, kama limechomwa vizuri, karibu sehemu tisa katika kumi ni silika tupu.

Ndugu mafundi wa mawe watanisahihisha nikikosea hapa. Simiti ikikutana na maji inaganda, na katika kuganda kwake huacha chokaa ndani yake ambayo haifanyi kazi kubwa. Jivu la kumvi lililosagwa laini likiwamo, silika yake huishika chokaa ile na kuigeuza gundi nyingine ya namna ile ile inayoshika mchanga. Ndiyo maana unaweza kutoa sehemu ya simiti na kutia jivu mahali pake, na ukuta usidhoofike. Jambo hili si geni duniani. Warumi wa kale walichanganya chokaa na jivu la mlima wa moto lililochimbwa karibu na mji wa Pozzuoli, huko Italia, na baadhi ya kuta zao bado zimesimama baharini. Simiti yetu ya leo ni mtoto mdogo ukiilinganisha na hiyo: Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1824. Na Kirinyaga yetu pia ni mlima wa moto uliozimika. Kile ambacho mlima ulifanya zamani sana kwa moto wake, mpunga hukifanya kila msimu kwa kunywa maji.

Lakini sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Si kila jivu la kumvi linafaa. Moto ukiwa mdogo, jivu hutoka jeusi, maana makaa bado yamo, na makaa hunywa maji na kudhoofisha mchanganyiko. Moto ukipita kiasi, silika hubadilika umbo, ikawa punje ngumu kama vioo vilivyosagwa, nayo haishiki chokaa tena. Moto unaotakiwa ni wa digrii 500 hadi 700 za sentigredi, nao uwe wa polepole. Wenye kazi hii hulitambua jivu kwa rangi: jeusi bado, la kijivu kisafi ndilo, na jeupe lenye wekundu wa mbali limeungua mno. Kwa hiyo jivu linalotoka katika tanuri la matofali, ambako kumvi zimetumika kama kuni, mara nyingi halifai, kwa sababu tanuri la matofali lina moto mkali kuliko huo. Nalo lundo kubwa lililochomwa wazi lina mambo yote matatu kwa pamoja: jeusi pembeni, zuri mahali fulani, na lililoharibika katikati.

Njia ya watu wadogo ni kuchoma katika kitu kama pipa kubwa au kijumba cha tofali chenye matundu ubavuni, kumvi zikawashwa na kuachwa zijiunguze zenyewe bila kupulizwa, hata siku ya pili. Halafu jivu lisagwe. Bila kusagwa ni kazi bure. Hutumika pipa la chuma linalozungushwa, ndani yake mna vipande vya chuma vinavyoangukiana na kuponda jivu mpaka liwe laini kama simiti yenyewe. Naona wengine wananitazama niliposema vipande vya chuma. Sijasema mtu achukue chuma cha reli. Hilo ni kosa la jinai, na chama hakitamtetea.

Sasa naingia katika jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko bei, nalo ni vumbi. Nimesema moto ukizidi silika hugeuka kuwa kama vioo. Vumbi la namna hiyo likiingia kifuani haliyeyuki wala halitoki. Hukaa katika mapafu na kuyafanya magumu, na ugonjwa wake, silikosisi, ndio uliowaua wachimba madini wengi na wachonga mawe duniani. Hauna dawa. Mtu huacha kazi akiwa hajisikii vibaya sana, na ugonjwa huendelea hata baada ya kuacha. Wako ndugu zetu wanaochonga mawe katika machimbo ya wilaya hizi wanaofunga kitambaa puani na kudhani wamejikinga. Kitambaa hakizuii. Chembe zinazoua ni zile zisizoonekana.

Mtu akija hapa kesho kuanzisha karakana ya kusaga jivu, akasema anawapa vijana kibarua, swali la kwanza lisiwe analipa kiasi gani kwa siku. Liwe: jivu litalowanishwa kabla ya kuchotwa? Pipa la kusagia litafunikwa? Barakoa za kweli za vumbi zitatolewa, na zitabadilishwa zikijaa? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga mahali ambapo kazi ina kitu cha kudhuru. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, inahesabu pia magonjwa yatokanayo na kazi. Lakini mtu wa kibarua asiye na barua ya kazi atathibitishaje, miaka kumi na tano baadaye, kwamba kifua chake kiliharibikia mahali fulani? Leo wanaopakia kumvi kwenye malori huko vinuni wengi ni vibarua wa siku, tena wanawake wengi. Hawana chama. Kama tunataka nyumba za bei nafuu zilizojengwa kwa mapafu yao, basi afadhali tusijenge.

Nimelisema hilo kwa ukali, Bwana Mwenyekiti, nami siliondoi.

Tuje kwenye hesabu, maana najua wako wanaoingoja. Tufanye nyumba inahitaji mifuko 100 ya simiti, kila mmoja kilo 50. Ukitoa sehemu 15 katika mia na kutia jivu zuri, umeokoa mifuko 15, na jivu lake ni kilo 750. Kupata jivu hilo unahitaji kumvi tani tatu na robo tatu, ambazo zimetoka katika mpunga wa karibu tani 19. Mifuko 15 si muujiza. Toa gharama ya kuchoma, kusaga na kubeba, na faida hupungua tena. Ninayasema haya kwa sababu katika habari za namna hii watu hupenda kuahidi nusu bei, na mfanya kazi akishaahidiwa nusu bei akapata sehemu ya kumi, huona kuwa alidanganywa hata kama sehemu ya kumi ni halali.

Na kubeba ni jambo tunalolijua sisi watu wa reli. Kumvi ni nyepesi mno. Mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 100 na kidogo tu, kwa hiyo hizo tani tatu na robo tatu zingechukua zaidi ya mita 30 za ujazo. Behewa hujaa kabla halijawa zito, na nauli ni ya hewa. Hakuna maana kuleta kumvi Nyeri. Zichomwe huko huko karibu na kinu, na jivu ndilo lisafiri, kwa kuwa uzito wake ni moja ya tano tu. Njia hii yetu ilifika Nanyuki mwaka 1930 kwa ajili ya mazao na mifugo ya walowezi, ikalala miaka mingi, ikafufuliwa mwaka 2020. Treni inayopanda kutoka Sagana yaweza kubeba magunia ya jivu kama inavyobeba kitu kingine chochote. Ningefurahi kuliona behewa hilo.

Kuna hatari nyingine ndani ya mfuko wenyewe. Simiti tunayoinunua zaidi madukani, ile yenye namba 32.5, aghalabu imekwisha kuchanganywa na jivu la mlima wa moto huko kiwandani. Fundi akiongeza jivu la kumvi juu yake, anapunguza kilichokwisha punguzwa. Jivu letu lichanganywe na ile ya 42.5 ambayo haijachanganywa, na mtu asome maandishi ya mfuko kabla ya kuufungua. Na jivu liwe kwa kuta za nyumba ya chini, sakafu, lipu na matofali. Lisiwe kwa nguzo na sakafu za juu za maghorofa mpaka mhandisi mwenye cheti amepima na kutia sahihi. Aprili 2016 jumba lilianguka Huruma, Nairobi, na watu zaidi ya 50 wakafa, wengi wao wapangaji wa namna yetu. Nisingependa neno letu la kupunguza gharama lipate kutumiwa na mwenye jumba anayetaka kuiba simiti.

Mabaki mengine niyapitie upesi. Kahawa ndiyo yetu zaidi hapa Mathira, na watu wananiuliza juu ya maganda yake. Lile ganda jekundu la nje lirudi shambani, ni mbolea, na lina sukari. Na kila fundi anajua sukari ikiingia katika simiti, simiti haigandi. Lile ganda kavu la viwandani lina jivu dogo lisilo na silika ya maana. Linafaa kwa moto. Kiwanda cha simiti cha Hima, huko Kasese, Uganda, huchoma maganda ya kahawa na kumvi badala ya sehemu ya mafuta, na hilo ni jambo jema kwa hewa, maana kazi ya simiti duniani kote hutoa asilimia kama saba au nane ya ile hewa ya kaboni inayosemwa kuchafua majira ya mvua. Kwa ujenzi wa mkono, ganda la kahawa liachwe.

Majani makavu ya ngano ya Timau ni mazuri. Wakulima wa Nebraska, Marekani, mwisho wa karne ya 19, walikosa miti na wakajenga nyumba kwa marobota ya majani makavu na kuyapaka lipu, na baadhi ya nyumba hizo zimedumu. Lakini adui wake ni maji na panya, na kwetu kiangazi kikija robota hilo ni chakula. Mwenye ng'ombe hataligeuza kuwa ukuta, wala mimi nisingemshauri.

Katani ina funzo lake. Katika miaka ya 1980 hapa Kenya watu walisifu sana vigae na mabamba ya kuezekea yaliyotengenezwa kwa simiti na nyuzi za katani. Nyuzi zilitazamiwa kuwa kama chuma ndani ya zege. Kumbe ukali wa simiti hula nyuzi za mmea polepole, na baada ya miaka kadhaa bamba kubwa halina kitu cha kulishika, hupasuka. Vigae vidogo vilidumu vizuri zaidi kwa sababu havikutegemea nyuzi. Wazo halikuwa la kijinga. Ila lilipelekwa juu ya paa za watu kabla ya kungoja miaka ya kutosha.

Basi mimi naona mahali bora pa jivu la kumvi kwetu ni katika tofali la udongo la kushindiliwa. Hili ni tofali lisilochomwa: udongo, mchanga, simiti au chokaa kidogo, maji kidogo, likakandamizwa kwa mashine ya mkono yenye mpini mrefu. Mashine ya namna hiyo ilibuniwa Bogotá, Kolombia, na Raúl Ramírez katika miaka ya 1950, na leo za aina hiyo hutengenezwa hapa Kenya. Haili kuni, kwa hiyo miti haikatwi. Udongo wetu mwekundu wa Nyeri una mfinyanzi mwingi, nao hupenda chokaa kuliko simiti; na chokaa na jivu la kumvi ni marafiki. Lakini mfinyanzi ukizidi, tofali hupasuka likikauka. Kuna kipimo rahisi ambacho kila mtu anaweza kukifanya. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimeta 60, upana 4 na kina 4. Kipake mafuta ndani, ujaze udongo uliolowa, ushindilie, uache kwa siku kadhaa mahali pakavu mpaka ukauke kabisa. Kisha sukuma vipande vyote upande mmoja na upime nafasi iliyobaki. Ikiwa chini ya milimeta 15, simiti debe moja kwa udongo madebe 18 inatosha. Ikiwa kati ya 45 na 60, ni moja kwa 12. Ikipita hapo, ongeza mchanga kwanza na upime tena. Hizi hesabu ni za simiti. Ya chokaa na jivu sharti yapimwe mbali, na ndiyo sababu moja ya ombi nitakalolitoa.

Na subira. Jivu hufanya kazi yake polepole, nalo linahitaji unyevu. Tofali lifunikwe kwa magunia au majani ya ndizi na kunyunyiziwa maji, na lisijengewe kabla ya siku 28. Mwezi wa Julai, kwa baridi yetu hii ya ukungu, ningengoja zaidi. Fundi anayelipwa kwa kozi hatapenda. Alipwe kwa siku.

Sasa niseme na wazee, maana najua neno udongo limewauma. Zamani nyumba ya Mgikuyu ilijengwa kwa fito, udongo, samadi na nyasi, na desturi ilikuwa ianze na kwisha siku moja, moto uwashwe jioni ile ile. Mzee Kenyatta aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1938. Hakuna aliyeona aibu. Aibu ilikuja baadaye. Mwaka 1954 watu waliondolewa mashambani na kusongamanishwa katika vijiji vya Hali ya Hatari, akina mama wakajenga vibanda vya udongo na nyasi kwa haraka, askari akisimama juu yao. Mtu aliyelala katika kibanda kile, aliapa kwamba watoto wake watalala ndani ya jiwe. Kiapo hicho nakiheshimu. Mimi mwenyewe ni matunda yake. Lakini tofali ninalolisema si udongo ule. Liloweshe majini usiku kucha, lidondoshe kutoka kiunoni, kisha useme.

Hata sheria imegeuka. Kanuni za ujenzi za mwaka 1968 zilifuata za Kiingereza na hazikuwa na nafasi kwa udongo mjini. Mwaka 1995 zilikuja kanuni zilizouliza ukuta unaweza kubeba nini, badala ya kuuliza unaitwaje, na sasa tuna Kanuni ya Kitaifa ya Ujenzi ya mwaka 2024. Bado ofisi ya kaunti yaweza kumkatalia mtu mmoja mmoja asiyejua la kujibu. Ni vigumu zaidi kuwakatalia watu 60 wenye karatasi ya majaribio mkononi.

Ombi langu basi ni hili. Tusijenge nyumba yo yote bado. Kamati ya tawi ichague watu watano, wawili kati yao wawe akina mama, waende Mwea kuzungumza na chama cha ushirika cha wakulima wa mpunga juu ya kumvi, na waonane pia na hao vibarua wa kupakia, wasikilize taabu zao kwa masikio yao. Magunia kumi ya kumvi yatatosha kwa jaribio. Tuchome, tusage kidogo, tufyatue matofali 60 kwa udongo wa sehemu tatu: Karatina, Kiganjo na Naro Moru, maana udongo wa Naro Moru si huu wetu. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kiko hapa hapa Nyeri na kinafundisha uhandisi. Kiandikiwe barua, kiombwe kuyavunja matofali hayo kwa mashine na kutupa hesabu kwa maandishi. Mengine yaachwe nje mvua mbili, ya Machi na ya Oktoba, tuyaone.

Yakishinda, hapo ndipo tufikirie kununua mashine moja ya mkono na kuizungusha. Mama zetu walitufundisha jinsi ya kuzungusha. Katika miaka ya 1960 wanawake wa Nyeri hii waliungana vikundi, wakalima kibarua pamoja, wakaweka pesa na kununuliana mabati kwa zamu, nyumba baada ya nyumba, mpaka nyasi ikatoweka juu ya paa. Hawakungoja mkopo. Sisi tuna mshahara wa kila mwezi, jambo ambalo wao hawakuwa nalo.

Kuhusu yale makato ya nyumba, naomba Katibu aandike kwa ofisi kuu ili, katika mazungumzo na serikali, iulizwe kama zabuni za nyumba hizo katika kaunti hizi zinaweza kuweka sehemu fulani ya matofali yatengenezwe hapa hapa, na masharti ya vumbi na barua za kazi yaandikwe ndani ya zabuni yenyewe. Yakiandikwa nje hayatafuatwa.

Nauli ya watu watano kwenda Sagana kwa treni na kutoka hapo kwa matatu mpaka Wang'uru nimeipiga, nimempa Mweka Hazina karatasi. Kisanduku cha kupimia udongo ninacho hapa mezani, fundi seremala wa gangi yetu alikitengeneza. Anayetaka vipimo vyake aje avichukue kabla hatujafunga mkutano.